Umejenga kontena? Kiwanja umekipata wapi?

Desemba iliyopita nilikuwa Kibosho, nyumbani, kama ilivyo ada ya Wachaga sikukuu zikikaribia. Simu ikaingiza ujumbe. Nikausoma, nikampigia mwenzangu aliyebaki ofisini Arusha: "Kontena limejengwa, limewaka, tulia." Shangazi alikuwa anachuja mbege hatua chache kutoka nilipoketi. Akaacha kuchuja.

"Baba, umejenga kontena? Kiwanja umekipata wapi, na mbona hukutuambia?"

Sikumlaumu. Arusha neno hilo lina wenyewe. Ukipita Sakina, Njiro au Kwa Mrombo, kontena ni sanduku la chuma lililotoka melini, likatobolewa dirisha, likapakwa rangi na kugeuzwa saluni, duka la vipuri au kibanda cha chipsi. Lina kodi, lina mwenye nyumba, na mchana wa Januari lina joto la kuokea mkate. Halafu siku hizi wamezuka vijana wa kompyuta wanaosema wamejenga makontena matano asubuhi, wameyaua mchana, na jioni skripti itayajenga upya. Anayewasikia ana haki ya kudhani wamelewa.

Kontena la kompyuta ni programu iliyofungwa pamoja na kila kitu inachokitegemea, ili iwake kwa namna ileile popote inapopelekwa. Skripti ni faili la maandishi lenye amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine, bila mtu kukaa akizichapa. Mengine yote hapa chini yanazaliwa na hayo mawili.

Jina halikuokotwa. Kabla ya makontena ya meli, shehena ilipakiwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, mgongoni mwa makuli, na meli ilikaa bandarini siku nyingi ikisubiri. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Masanduku yalikuwa ya umbo moja, kwa hiyo winchi haikuwa na haja ya kujua kama ndani mna kahawa au baiskeli. Ilinyanyua tu.

Programu nazo zilikuwa na tatizo la magunia. Chukua mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari, wa aina ambayo kampuni za utalii za Arusha zinautumia kupanga magari ya kwenda Serengeti na Ngorongoro. Unahitaji lugha fulani ya programu ya toleo fulani, vifurushi vya ziada dazeni kadhaa, na mipangilio ambayo aliyeuandika aliiweka miaka miwili iliyopita akaisahau. Kwenye laptopu yake unakimbia. Ukiuhamishia kwenye seva, ile kompyuta inayowahudumia watumiaji wote, unagoma. Mwandishi wa programu husema "kwangu inafanya kazi", mwenye seva hujibu anavyojua yeye, na mteja anasubiri.

Mwezi Machi 2013, kwenye mkutano wa waandishi wa programu wa lugha ya Python huko Santa Clara, California, mwandishi wa programu Solomon Hykes alionyesha zana ya kujengea na kuwashia makontena inayoitwa Docker. Jina hilo kwa Kiingereza cha Uingereza ni kuli wa bandarini, tena limekaa vizuri. Mbinu zilizo chini yake zilikuwa za zamani zaidi. Uwezo wa kuifanya programu ione folda moja tu kana kwamba ndiyo kompyuta nzima ulikuwepo kwenye mfumo endeshi wa Unix tangu 1979, na uwezo wa kuigawia programu kiasi maalumu cha kumbukumbu na nguvu ya prosesa uliingizwa kwenye mfumo endeshi wa Linux mwaka 2008, ukiwa umeanzishwa na wahandisi wa Google. Docker iliyafunga hayo kwenye amri fupi ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzikumbuka.

Kosa linalosikika kuliko yote ni kwamba kontena ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Hapana. Hicho ni kitu kingine, mashine pepe, nayo ni kama kukodi nyumba nzima: jiko lako, choo chako, bomba lako, mita yako. Kontena ni chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga. Una mlango wako na kufuli lako, jirani haoni kitanda chako, lakini bomba la uani ni moja na choo ni kimoja. Kwa kompyuta, kinachotumiwa na wapangaji wote ni kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe. Ndiyo maana kontena linawaka kwa sekunde na seva moja ya kawaida inaweza kubeba makumi yake: hakuna anayejenga choo kipya.

Aliyewahi kupanga mtaa wa Unga Limited, Arusha, anajua ugomvi unaofuata. Umeme wa luku ni mmoja, mpangaji wa chumba cha tatu kanunua jiko la umeme, uniti zinaisha Jumatano. Dawa ni submita. Makontena nayo yana submita: unaweza kuliambia hili lisivuke megabaiti 512 za kumbukumbu. Usipoliambia, kontena moja lenye hitilafu litakula kumbukumbu ya seva nzima na kuwalaza majirani gizani.

Kuta za chumba cha kupanga pia si kuta za benki. Kumfungia mtu usiyemwamini kwenye kontena na kudhani umemaliza usalama ni kujidanganya, kwa sababu tundu likipatikana kwenye kile kiini cha pamoja, vyumba vyote vimefikiwa.

Shangazi hayo ya nyumba ya kupanga aliyaelewa bila shida. Alipouliza "sasa unalijengaje?" ndipo nilipogundua mfano bora ulikuwa mikononi mwake.

Mbege ina maelekezo, ina pipa na ina kata. Maelekezo ni yale yaliyo kichwani mwa mpishi: ndizi zilizoiva zinachemshwa muda mrefu, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na msesewe, lile gome chungu, unatiwa kwa kipimo chake. Pipa ni matokeo: mbege iliyo tayari. Kata ni ile unayopewa mkononi unywe. Kwenye ulimwengu wa makontena, maelekezo ni faili linaloitwa Dockerfile, pipa linaitwa imeji, na kata ndiyo kontena lenyewe. Watu wanachanganya hayo mawili ya mwisho kila siku. Imeji haiwaki. Imekaa, haibadiliki. Kontena ni kata iliyochotwa humo na sasa inatumika. Ikimwagika unachota nyingine iliyo sawa nayo kabisa. (Hapo mfano unachechemea kidogo, maana pipa la kompyuta haliishi. Shangazi alisema angelipenda hilo.)

Na hapa pana siri inayookoa bando. Dockerfile husomwa mstari kwa mstari, na mistari inayoongeza mafaili hutengeneza tabaka juu ya tabaka. Ukijenga mara ya pili, tabaka ambazo hazijaguswa hazirudiwi. Lakini mstari mmoja ukibadilika, huo na yote iliyo chini yake inafanywa upya. Kwa lugha ya mbege: ukitaka kubadilisha ulezi, huna haja ya kuchemsha ndizi upya, mradi ndizi zilitangulia. Ofisini kwetu tuliwahi kuandika kinyume. Mafaili ya programu, yanayobadilika mara kumi kwa siku, tuliyanakili mwanzo, kisha ndipo tukaagiza vifurushi kutoka intaneti. Kila tulipohariri neno moja kwenye ukurasa wa bei, vifurushi vyote vilishushwa upya. Tulikuwa tunachemsha ndizi kila siku ili tu kubadilisha uji. Kupandisha mistari miwili juu ya mingine kulimaliza tatizo, na nakumbuka nilivyoona aibu.

Chagua pia msingi mwepesi. Imeji ya Alpine, aina moja ndogo ya Linux, ni megabaiti chache tu ikiwa imebanwa, wakati misingi mingine inavuka mia. Tena Docker Hub, ghala kubwa la imeji mtandaoni, lilianza Novemba 2020 kumwekea asiyejisajili kikomo cha kushusha imeji mara 100 ndani ya saa 6, ikihesabiwa kwa anwani ya intaneti. Watoa huduma wa intaneti ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo unaweza kukataliwa kwa ulafi wa watu usiowajua. Kujisajili ni bure na kunapunguza balaa hilo.

Sasa skripti. Kujenga imeji ni amri moja. Kazi ni mlolongo unaozunguka hiyo amri: chukua toleo jipya la programu, jenga imeji, ipe lebo, zima kontena la zamani, liondoe, washa jipya likiwa na mlango sahihi na ghala sahihi la data, hakikisha linajibu, kisha fagia imeji za zamani zisijaze diski. Hakuna hatua ngumu hapo. Ugumu ni kuzifuata zote, kwa mpangilio, saa tano usiku, ukiwa umechoka.

Nilijifunza hilo kwenye basi. Ilikuwa Jumamosi jioni, natoka Arusha kwenda Moshi, kilomita 80 hivi. Tulipofika Maji ya Chai simu ikaanza kulia: umeme ulikuwa umekatika kwenye kampuni moja ya utalii tuliyokuwa tunaitunzia mfumo, seva ikazimika, umeme ukarudi, mfumo haukurudi. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa mpya. Nikaanza kumsomea amri kwa simu, herufi kwa herufi, "kistari, kistari, hapana, viwili, acha nafasi", na abiria wa kiti cha jirani ananitazama kama mganga. Kikatiti mtandao ukakata. Ulivyorudi tulikuwa tunakaribia njia panda ya KIA, na kijana alikuwa amewasha kontena jipya kwa kukumbukia. Mfumo ukafunguka. Tukapongezana.

Alikuwa amesahau kipande kimoja cha amri, kile kinacholiunganisha kontena na ghala la data lililo nje yake. Booking zote za Jumapili zikaandikwa ndani ya kontena lenyewe. Jumatatu nikaona halijakaa sawa, nikaliondoa, nikawasha jingine kwa usahihi. Na booking za Jumapili zikaondoka nalo. Kosa la mwisho lilikuwa langu, wala si la yule kijana.

Watu wengi hawaijui tofauti hiyo. Kuzima kontena na kuliwasha tena hakufuti kitu. Kuliondoa kunafuta kila kilichoandikwa ndani yake. Kata ikivunjika, kilichokuwemo kimekwenda. Data ya biashara lazima ikae nje, kwenye sehemu ambayo kontena linaazimwa tu.

Wiki ile ile nikaandika skripti. Ikiwa imepunguzwa, inafanana na hii:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail

TOLEO=$(git rev-parse --short HEAD)
docker build -t safari:$TOLEO .
docker rm -f safari || true
docker run -d --name safari --restart unless-stopped \
  -v data_safari:/data -p 8080:8080 safari:$TOLEO
curl --fail --retry 5 --retry-all-errors http://localhost:8080/afya
```

Usiogope alama. Mstari wa kwanza unasema faili lisomwe na Bash, mkalimani wa amri aliyeandikwa na Brian Fox mwaka 1989 na ambaye yumo karibu kwenye kila seva ya Linux. TOLEO ni utambulisho mfupi wa toleo la programu lililopo leo. Kisha jenga, ondoa la zamani, washa jipya. Kile kipande chenye data_safari ndicho kilichotugharimu Jumapili nzima. Sasa kimeandikwa, hakikumbukwi. Maneno unless-stopped yanaliagiza kontena liamke lenyewe umeme ukirudi, ilimradi hukulizima kwa mkono wako. Mstari wa mwisho unabisha hodi kwenye ukurasa wa afya wa mfumo, hadi mara kadhaa, kuona kama kuna mtu ndani.

Mstari wa pili ndio naupenda kuliko yote. Bash kwa tabia yake ya kuzaliwa haijali kushindwa. Amri ya tatu ikifeli, inasonga kwenye ya nne kama fundi anayekuja kupaka rangi, anakuta ukuta haujajengwa, na anapaka hewani. Kwenye skripti kama hii, kujenga kungeshindwa, lakini kontena zima lililokuwa linafanya kazi lingeondolewa hata hivyo. Ule mstari unasema: ukikwama, simama hapohapo. Skripti ya makontena isiyo nao nisingeiruhusu iguse seva ya mtu.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaosema skripti ni akili inayojiendesha. Haina akili yoyote. Itarudia ulichoandika, kikiwa sahihi au kikiwa ujinga, kwa kasi ambayo wewe huiwezi. Ilichonipa mimi ni kuyatoa maelekezo kichwani mwangu na kuyaweka mahali ambapo kijana wa zamu anayapata hata nikiwa Kikatiti bila mtandao.

Kuna neno moja kwenye lebo za imeji linalowapoteza watu: latest, yaani "ya karibuni kabisa". Usipotaja lebo, Docker inaibandika hiyo yenyewe, na watu wanaamini maana yake ni toleo jipya kuliko yote. Ni jina tu. Linafanana na kile kibao cha "Duka Jipya" ambacho rangi yake imepauka na mwenye duka ameshapata wajukuu. Ndiyo sababu nimetumia TOLEO. Jipya likianguka, najua la jana linaitwaje na nalirudisha kwa amri moja. Skripti yetu kamili huhifadhi matoleo matatu ya mwisho na kufagia mengine, na kile kubisha hodi kukishindwa hulirudisha la zamani kabla haijanitumia ujumbe.

Nywila ni habari nyingine. Usiiandike kwenye Dockerfile, hata kama mstari unaofuata unaifuta. Tabaka la chini linabaki na kumbukumbu yake, kama mtu aliyeandika namba ya siri ukutani kwa mkaa kisha akapaka rangi juu: anayejua kukwangua ataisoma. Kontena lipewe nywila linapowashwa.

Mtu akishaonja skripti, hutaka ijiwashe yenyewe usiku. Linux ina mlinzi wa ratiba anayeitwa cron, anayefuata saa unayomwandikia. Hapa Waswahili tuna mtego wa pekee. Nilitaka usafi ufanyike saa nane usiku. Kwa hesabu ya kompyuta hiyo ni saa 2, nikaandika 2, nikajiona mjanja. Kazi ikawa inafanyika saa kumi na moja alfajiri, wakati madereva wa safari wanafungua mfumo kuangalia wageni wao wa siku hiyo. Ratiba ile ilikuwa ndani ya kontena, na makontena mengi huzaliwa yakifuata saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Hesabu tatu tofauti za saa kwa jambo moja: ya Kiswahili, ya Afrika Mashariki, na ya kontena.

Mtakutana pia na watakaowaambia kuwa bila Kubernetes hamjaanza. Ni mfumo ulioanzia Google, ukatolewa 2014, jina lake ni Kigiriki cha mshika usukani, na kazi yake ni kusimamia makontena yaliyotawanyika kwenye seva nyingi. Ni kazi ya kweli, kwa wenye seva nyingi. Kwa kampuni yenye seva moja chini ya meza pale karibu na Mnara wa Saa, ni kukodi semi-trela kwenda soko la Kilombero kununua mkungu mmoja wa ndizi.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama na yeye angeandikiwa maelekezo yake. Nikachukua simu niandike. Ndizi alitaja idadi, siku alitaja, ulezi alitaja kwa debe. Tukafika kwenye msesewe.

"Huo sipimi," alisema. "Naonja."

Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa skripti yangu, ule unaobisha hodi. Akautazama, akanirudishia simu, akaniambia nishike ungo.